Ndege za Baba Sammy

Wiki ile watu wa Mutuini, pembeni mwa Nairobi, walichoka na ndege. Helikopta mpya za jeshi, zile kubwa za kubeba askari, zilikuwa zimeletwa nchini kabla ya Krismasi, na sasa zilikuwa katika mazoezi ya sherehe ya kuzizindua. Kila asubuhi zilitokea upande wa mjini, zikapita juu ya Waithaka, zikainama karibu kugusa paa za watu, kisha zikaenda kutua kwenye uwanja mtupu upande wa Ngong, zikamwaga askari na kuwazoa tena. Mabati yalitetemeka. Nguo zilizoanikwa ziliruka ua na kuangukia mboga za jirani. Wenye kuku walisema kuku wameacha kutaga, na wasio na chochote walisema pesa hizo zingetosha dawa za nchi nzima. Walisema kwa sauti ya chini, maana mke wa askari alikuwa akikaa nao ploti moja ya nyumba za kupanga.

Mke huyo aliitwa Rael. Mume wake, Koplo Tobias Oloo, alikuwa mmoja wa wale wanaosimama chini uwanjani, wameshika vibao viwili vya rangi, wakimwonyesha rubani pa kutua. Kazi yenyewe haina jina zuri kwa Kiswahili. Wenzake walimwita Mpunga Mikono, naye hakuchukia. Kikosi cha helikopta mpya kilikuwa bado hakijajazwa, na kila mtu alijua kwamba watakaofanya vizuri siku ya sherehe ndio watakaobaki nacho. Kwa hiyo Oloo alilala kambini wiki zote hizo, na huko nyumbani akawa wa kuonekana Jumapili tu, tena kwa saa chache.

Jumapili ile alikuja na sare yake iliyopigwa pasi, akamkuta Sammy, mwanawe wa miaka miwili na nusu, anakunywa uji mlangoni. Ngurumo ikaanza mbali. Oloo akaweka kofia chini, akamnyakua mtoto na kumpandisha begani.

“Kuja uone ndege za baba!”

Ndege ya kwanza ilipita chini kiasi kwamba nyasi zililala. Vumbi likafunika ploti. Sammy akapiga ukelele ambao haukusikika, mwili ukawa mgumu, kisha akajikojolea pale pale kwenye bega la koplo, sare ikalowa mpaka mfukoni.

“Aii, koplo, umebatizwa!” akasema Waweru, mwenye kioski cha hapo getini. Watu wakacheka. Oloo naye akacheka, lakini ni midomo tu iliyocheka.

“Mtoto wa askari analia hivi? Nikiwaambia huko kambini watanimaliza.”

“Ni mtoto, baba Sammy. Mlete.” Rael alimchukua, akamfunika leso gubigubi, akamkumbatia kifuani huku akimbembeleza mpaka ndege zikapita zote.

Kanyiva alikuwa amesimama mlangoni pake akiangalia. Huyu ndiye aliyeshinda na watoto wa ploti mama zao wakienda kazini. Alikuwa Mkamba wa kuzaliwa na kukulia Kwale, na Kiswahili chake kiliwafanya watu wamwite Mswahili. Alisema kiti changu na chakula chenu, si kiti yangu na chakula yenu, na watoto aliowalea walirudi kwa mama zao wakisema “naomba maji,” mama wakashangaa wamejifunza wapi.

“Hizo helikopta zina kishindo, baba Sammy,” alisema. “Hata mimi mtu mzima moyo waniruka.”

“Utazoea, Anti. Mwezi ukiisha hutazisikia tena.”

Oloo alikuwa na haraka ya kurudi kambini. Aliondoka akiwa ameshika kofia begani ili kuficha ule unyevu.

*

Siku ya sherehe, Sammy aliamka na joto. Rael alimgusa paji la uso, akampa dawa ya maji ya kushusha homa, akajiambia ni kukosa usingizi. Tangu warudi kutoka Siaya, ambako walikula Krismasi kwa nyanya yake, mtoto huyu hakuwa amelala usingizi wa maana kwa sababu ya makelele. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kila mzazi aliyewahi kuwahi kazini anajua jinsi mtu anavyojiambia.

“Huyu ana homa, Mama Sammy,” alisema Kanyiva alipompokea.

“Nimempatia dawa. Itashuka saa hii. Ni hizi ndege, Anti, hazimwachi alale.”

“Na isiposhuka?”

“Nipigie. Lakini tafadhali, leo iwe kitu ya maana.” Rael alishusha sauti. “Madam ameniambia nikiomba ruhusa tena nisirudi. Na ni January, unajua vile duka iko.”

Duka lenyewe lilikuwa Biashara Street, la vitambaa na sare za shule, mali ya familia ya Madam Vimla. Mwezi wa Januari wazazi hupanga foleni hadi nje, na Rael ndiye aliyekuwa akipima watoto, mabega, kiuno, urefu wa sketi. Alhamisi iliyopita Kanyiva alikuwa amempigia simu kwamba Sammy analia hanyamazi, helikopta zimemtia kiwewe. Rael akaomba ruhusa, akaenda. Kesho yake Vimla alimsimamisha mbele ya wateja, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

“Mtoto ya askari inaogopa helikopta ya baba yake? Na mimi nafunga duka juu ya hiyo?”

Wateja walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akipimiwa binti yake alicheka mpaka akajipangusa machozi. Rael alijikaza kisabuni, akaendelea kupima. Lakini aliapa moyoni kwamba hatatoka tena duka lile kwa sababu ya ndege, hata zitue juu ya paa.

*

Katikati ya asubuhi, helikopta zilitoka uwanjani kwao zikaelekea mjini kwenye sherehe. Zilikuwa zikipita juu ya Mutuini wakati Kanyiva alipomwona Sammy akikodoa macho kitandani. Shingo ya mtoto ilirudi nyuma. Mikono ikakunjamana, ikaanza kurukaruka, na povu likaonekana pembeni mwa mdomo.

Huko alikokulia Kanyiva, jambo hilo lina jina, na kila mama analijua. Mtoto mdogo akishikwa hivyo husemwa ana ndege. Wengine husema nyuni, wengine degedege, lakini ndege ndilo neno la nyumbani, na linatamkwa kwa hofu. Kanyiva alimlaza Sammy kwa ubavu, akamfunika kanga nyeusi kama mama yake alivyokuwa akifanya, akamshikilia. Mtoto alipolegea na kuanza kukoroma, akamwachia jirani mmoja, aliyekuwa akifua, watoto wote, akakimbia kwa Waweru penye simu ya jamii, ile ya kulipia.

Rael alikuwa amepiga magoti mbele ya mvulana, akimpima mguu. Simu iliita kwenye mfuko wa aproni. Vimla alikuwa mezani, hatua chache tu, akimtazama juu ya miwani.

“Mama Sammy,” sauti ya Kanyiva ilikuwa ikihema, na nyuma yake helikopta zilikuwa zikinguruma, “mtoto ana ndege!”

“Tena?” Rael aligeukia ukuta. “Nazisikia. Wameanza mapema leo.”

“Tena? Kwani ilishamshika kabla?”

“Si wiki yote, Anti. Hata Jumapili ilimshika mpaka akajikojolea.”

Kanyiva alishusha pumzi. Kujikojolea kule alikuona mwenyewe Jumapili, na mwili ulivyokuwa mgumu; kumbe ilikuwa ndege. Angalau mama mtu alikuwa akiujua ugonjwa wa mwanawe. Na kama Rael angekuwa mtu wa Pwani, angegutuka mwenzake aliposema ilishamshika badala ya zilishamshika, maana helikopta zilikuwa nyingi na ugonjwa ni mmoja. Lakini Nairobi haina wakati wa umoja na wingi. Rael mwenyewe alikuwa amesema ilimshika, kwa ulimi wake wa kila siku, na hapo wakaelewana kabisa, kila mmoja kwa lake.

“Basi ikimshika huwa wafanyaje?”

“Namfunika tu. Namfunika na leso, namshika kwa kifua mpaka ipite. Funga mlango, usimtoe nje.”

“Nimemfunika. Hospitali huwa humpeleki?”

Hapo Rael alicheka. Alicheka kwa uchovu, na kwa sababu Vimla alikuwa ameanza kugongagonga meza kwa kalamu. “Hospitali, Anti? Niambie daktari mtoto iko na ndege? Watanicheka hata huko. Saa nane zitakuwa zimeisha, baba yake aliniambia.”

“Zitakuwa zimeisha?”

“Eeh. Wacha, nitakupigia.”

“Rael,” Vimla aliita bila kupaza sauti, “simu ni ya nini?”

“Hakuna kitu, Madam. Ni nyumbani wananisalimia tu.”

Kule kioski, Kanyiva alirudisha mkono wa simu mahali pake akasimama kidogo. Neno moja lilimkwaruza, lile zitakuwa zimeisha, lakini watu wa Nairobi walisema maneno yao walivyotaka, naye alikuwa ameacha zamani kuwasahihisha. Akalipa akaenda. Waweru alitikisa kichwa, akamwambia mteja wake, “Hata kwa hiyo mtu anapiga simu. Ati mtoto ako na ndege. Kwani mimi zangu ziko wapi?”

*

Kabla ya kurudi kwa mteja, Rael alijibanza nyuma ya majora ya vitambaa akamwandikia mume wake ujumbe. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilihitaji mahali pa kwenda.

Oloo aliusoma akiwa amejipanga na wenzake kando ya uwanja wa sherehe, sajini akikaribia na sanduku la kukusanyia simu. “Mtoto wako amesumbuliwa na ndege zenu tena.” Alimwonyesha Macharia, rafiki yake, aliyekuwa akifunga viatu.

“Huyo ni wa nevi,” alisema Macharia. “Mpeleke kwa maji.”

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Oloo akacheka nao, safari hii kwa kweli, maana asubuhi ile kila kitu kilikuwa kimemwendea sawa na kamanda alikuwa amemwita kwa jina. Akajibu haraka kwa kidole gumba, “Mwambie azoee ni za baba yake,” akaitia simu sandukuni.

*

Sammy alilala. Kanyiva alikaa kando yake akimkanda kwa kitambaa cha maji, mlango umefungwa kama alivyoambiwa, watoto wengine wakicheza uani. Mwili wa mtoto ulikuwa wa moto, na alipoitwa hakuitika. Mara mbili Kanyiva aliinuka ili amfunge mgongoni ampeleke zahanati ya Waithaka, na mara mbili akakaa. Alikuwa mlezi tu. Mama mtoto alikuwa amesema asimtoe nje. Mwaka uliopita mlezi mmoja wa ploti ya pili alimpeleka mtoto wa watu akadungwa sindano bila ruhusa ya mama, na ile kesi ilifika kwa chifu, mwanamke wa watu akatukanwa tusi la nguoni mbele ya umati. Tena kwao Kwale kuna wanaoamini kwamba mwenye ndege akidungwa sindano hufa. Kanyiva hakuamini hayo, lakini alikuwa ameyasikia tangu utoto na siku ile yalikuwa yakimzunguka kichwani.

Ikamshika tena. Kisha ikamwacha, kisha ikamshika, na safari hii haikumwacha. Kanyiva akamwita jirani amshike, akakimbia tena kwenye simu ya Waweru.

*

Biashara Street iliacha kazi. Ngurumo ilikuwa imetokea upande wa Uhuru Park, na wauzaji na wateja na walinzi wote walitoka wakajaa njiani, shingo juu. Vimla mwenyewe alitoka, sari yake ameishika kwa mkono mmoja, na mwanawe Yash akatoka na redio ndogo iliyokuwa ikitangaza sherehe.

“Rael, kuja! Ndege ya bwana yako!”

Rael alitoka. Zilikuwa zikija zimejipanga, nyeusi, nzito, milango iko wazi na askari wameketi pembeni miguu ikining’inia. Jengo la benki lilirudisha ngurumo yao mara mbili. Mtangazaji alisema zote sita zilizonunuliwa ziko angani, na mlinzi wa duka la jirani akazihesabu kwa kidole akasema kweli, ni zote. Watu walipiga makofi. Rael, Mungu amsamehe, alifurahi. Alifurahi kwa nafsi yake yote. Alifikiria kwamba mmoja wa watu waliosimama chini wakizingoja ni wake, kwamba zitatua anapotaka yeye. Vimla alimgusa bega, “Kazi mzuri sana, mwambie bwana,” na ile aibu ya Alhamisi ikawa kama imelipwa.

Simu ikaita mkononi.

“Mama Sammy! Ndege imemshika tena, haimwachi! Iko naye sasa hivi!”

Rael alikuwa bado anatabasamu. “Anti, haiwezekani. Ziko hapa.”

“Nini ziko hapo?”

“Ndege. Ziko hapa town, naziona. Zote ziko hapa.”

Juu, ndege ya mwisho ilikuwa ikigeuka.

“Helikopta?” alisema Kanyiva polepole. “Mama Sammy, mimi sisemi helikopta. Mtoto amekakamaa. Macho yamegeuka meupe. Anatokwa na povu, tangu asubuhi nakwambia ana ndege, mtoto ni mgonjwa!”

Rael alipiga ukelele uliofanya watu washushe macho kutoka angani.

“Mpeleke hospitali! Anti, mbebe, kimbia!”

“Si wewe ulisema nimfunike...”

“Kimbia!”

*

Yash alimchukua kwa pikapu ya duka bila kumuuliza mama yake. Hawakufika mbali. Barabara zote za kuelekea magharibi zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya wageni wa sherehe, na polisi mmoja aliyekuwa ameshika kirungu aliwaonyesha warudi walikotoka.

“Afande, mtoto wangu anapelekwa hospitali,” Rael alisema dirishani. “Mume wangu ni wa jeshi la anga. Yuko huko ndani kwa sherehe, ni yeye anapunga zile ndege.”

“Mama, hata mimi ndugu yangu yuko huko ndani,” akasema polisi. “Magari ya wakubwa yakipita nitafungua.”

“Yanapita lini?”

“Yakipita.”

Rael alishuka. Yash akamwita arudi, angetafuta njia nyingine, lakini alikuwa ameshavua viatu. Alikimbia Ngong Road ikiwa tupu, peke yake katikati ya lami ambayo siku nyingine huwezi hata kuivuka, na watu waliozuiwa kandokando walidhani ni mwendawazimu au ni mwizi. Mmoja alimpigia mbinja. Alisema jina la mwanawe kwa kila hatua, bila kujua kwamba analisema.

Kanyiva naye alikuwa barabarani upande wa pili. Alikuwa amembeba Sammy mbele, si mgongoni, ili amwone uso. Zahanati ya Waithaka walimwekea mtoto dawa, degedege ikapungua, wakaandika rufaa ya hospitali kubwa na kumtafutia teksi. Teksi ilifika penye kizuizi ikasimama nyuma ya magari mengine. Dereva alizima injini. Kanyiva alimwambia apige honi. Dereva akapiga, polisi akaja akamwambia akome. Hapo tena wakakaa, huku misafara ikipita na ving’ora vyake, magari meusi yenye bendera, mabasi ya bendi, magari ya askari wakiimba.

*

Daktari wa hospitali kubwa, walikokutana hatimaye, alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alimsemesha Rael kwa upole uliomtisha kuliko ukali.

“Mmesafiri karibuni, mama?”

“Siaya. Krismasi.”

“Alilala kwa neti?”

Rael alitikisa kichwa. Kwa nyanya yake walilala chini watoto wengi pamoja, na neti ilikuwa moja, ya mzee.

“Ni malaria. Imepanda kwenye ubongo. Hiyo degedege ilianza lini?”

Rael aligeuka. Kanyiva alikuwa ameketi kwenye benchi, kanga nyeusi imeloa mapajani mwake. Alikuwa akimtazama Rael, na Rael aliona kwamba hatajibu. Alikuwa akimwachia mama mtoto aseme mwenyewe.

“Asubuhi,” alisema Rael.

Daktari aliandika, akarudi ndani. Afadhali angemkaripia.

Walikaa wawili kwenye benchi. Mchana uliisha, watu wa zamu wakabadilishana, mwanamke akapita na ndoo akipiga deki chini ya miguu yao, wakainua miguu. Rael alisema mara moja, “Anti, ungeniambia amekakamaa. Ungesema tu hivyo.” Kanyiva akajibu, “Nilisema, mama. Kwetu nimeshasema.” Jua likiwa linazama daktari alitoka na muuguzi mzee, na alipomwona muuguzi amekuja pia Rael alijua, akaanza kusema hapana kabla hawajafungua kinywa.

*

Oloo aliingia mbio akiwa bado na sare ya sherehe, glavu nyeupe kiunoni, Macharia nyuma yake. Simu zilikuwa zimerudishwa wakati wa chakula cha jioni, na ndipo alipokuta jina la Rael limepiga na kupiga. Usoni mwake bado mlikuwa na mabaki ya furaha ambayo hakuwa amepata nafasi ya kuyafuta. Kamanda alikuwa amemshika mkono mbele ya wote. Nafasi ya kikosini ilikuwa yake.

Aliporudi kutoka chumba kile alichopelekwa kumwona mtoto, uso ulikuwa mwingine. Alisimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyesahau alitaka kwenda wapi. Kisha akamwona Kanyiva.

“Wewe.” Alimfikia kwa hatua mbili, akamkamata mkono juu ya kiwiko, akamwinua kutoka kwenye benchi. “Wewe ulikuwa na mtoto wangu. Asubuhi mpaka saa saba ulikuwa unamwangalia tu? Ulimfungia ndani! Jirani ameniambia kwa simu ulifunga mlango!”

“Baba Sammy...”

“Usiniite hivyo! Nitakupeleka polisi. Leo utalala ndani, nakuapia. Mtoto anakufa mbele yako na unakosa hata kupiga simu!”

“Toby, taratibu,” alisema Macharia, lakini hakumshika. Watu wa ukumbini walikuwa wamegeuka wote, na katika nyuso zao hukumu ilikuwa imeshatoka. Mlezi. Kila siku husikii ni walezi? Mama mmoja alisema kwa sauti, “Wafungwe hao.”

Kanyiva hakujitetea. Machozi yalikuwa yakimtiririka na mkono wake ulikuwa ukibadilika rangi ndani ya kiganja cha koplo, na bado alikuwa akimtazama Rael, akingoja, bila chuki.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Rael alilijua hilo, na kwa kitambo alikaa nalo, akaona jinsi lingekuwa jepesi: kesi ingekuwa ya Kanyiva, ploti nzima ingempa Rael pole, Oloo angebaki wake. Mwanamke wa Kwale asiye na mtu hapa mjini angebeba lawama peke yake.

“Mwachilie,” alisema.

“Nini?”

“Mwachilie mkono, baba Sammy. Alipiga.” Alisimama, akashika ukuta. “Alinipigia saa ile ile ilianza. Mlango ni mimi nilimwambia afunge. Nilimwambia amfunike, asimtoe nje. Aliniuliza hospitali na nikamcheka.”

Oloo alimtazama kana kwamba anazungumza lugha ya kigeni. Mkono wake ulikuwa bado umemshika Kanyiva, lakini ulikuwa umesahau kukaza.

“Ukamcheka? Kwani alikuambia nini?”

Rael alimtazama Kanyiva.

“Alisema mtoto ana ndege,” alisema. “Nikadhani ni zako.”